Deraya ya plastiki inabana au inapwaya? Namna ya kuipunguza na kuikalisha mwilini

Deraya ya plastiki, yaani vazi la kivita la kuigizia, ikitoka kwenye kalibu haijawa ya mtu. Kingo zake zimeachwa pana makusudi ili zikatwe kufuata mwili wa atakayevaa, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Marekebisho tunayoletewa karakana ni yaleyale: kigasha (kipande cha mkono kati ya kiwiko na kiganja) kilichokatwa kikazidi mpaka mkono haupiti, au bamba la tumbo linalopendeza mvaaji akisimama, na akikaa linamchoma kwenye kinena. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Mtu amekata kwa kukadiria, amesimama wima mbele ya kioo, ndani kavaa fulana nyepesi ambayo siyo atakayovaa siku yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kushika kisu, vaa kila kitakachokaa chini ya deraya: vazi la ndani la mwili mzima, glavu, viatu vyenyewe, na sponji kama utaiweka. Sponji ya milimita 5 pande zote za mkono peke yake inaongeza zaidi ya sentimita 3 kwenye mzunguko, na plastiki haivutiki kama kitambaa.

Ijue plastiki yako kwanza

Deraya nyingi za nyumbani ni za ABS, aina ya plastiki ngumu, na maelezo yaliyo hapa ni ya ABS ya unene wa milimita 2 hivi. Kama hujui uliyonayo, tupia kipande kidogo cha mabaki kwenye glasi ya maji. Kikielea, basi ni HDPE (plastiki kama ya madumu) au ya jamii yake, na hapo gundi karibu zote hazitashika. Panga kutumia ribiti na mikanda tangu mwanzo. Kikizama, dondosha asetoni kidogo kwenye ukingo utakaokatwa. ABS itapoteza mng'ao na kunata kidoleni, kwa hiyo vaa glavu.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ni unene. Karatasi ya plastiki inapovutwa juu ya kalibu hutanuka, na inapotanuka hukonda. Karatasi ya milimita 2 inaweza kubaki milimita 1 tu kwenye pembe zenye kina, kama chini ya bega au kwenye mfereji wa kifua. Imulike kwa tochi kutoka nyuma: panapopitisha mwanga zaidi ndipo palipo pembamba. Usipitishe ukingo wa mkato hapo ukiweza kuepuka, na usitoboe tundu la ribiti hapo hata kidogo.

Hesabu ya mzunguko

Kwenye mikono na miguu, usikisie. Pima mzunguko wa mwili juu ya nguo, mahali panapotuna zaidi, misuli ikiwa imekazwa. Kisha amua nafasi unayotaka kati ya nguo na plastiki. Kila sentimita 1 ya nafasi pande zote inaongeza takribani sentimita 6.3 kwenye mzunguko. Nusu sentimita inaongeza 3.1. Haijalishi mkono ni mnene au mwembamba, nyongeza ni ileile.

Tuseme mkono wako karibu na kiwiko una mzunguko wa sentimita 28 na unataka nafasi ya milimita 5. Plastiki iliyofungwa inatakiwa iwe sentimita 31. Nusu mbili za kigasha ulizonazo, ukizijumlisha, zina sentimita 36. Ziada ni 5, na kingo ziko nne, kwa hiyo kila ukingo unatoka sentimita 1.25. Usitoe zote upande mmoja hata kama ni rahisi, maana mwinuko au mchoro wa katikati ya kipande utahamia pembeni na kila anayetazama ataona umepinda. Na usikate 1.25 mara moja: kata milimita 8, funga kwa selotepu ya karatasi, jaribu, ndipo uendelee. Plastiki uliyoibakiza utaikata baadaye, uliyoikata hairudi bila kiraka.

Upande wa kiganja hesabu inabadilika. Kama kigasha kimegundishwa pande zote mbili, kipimo kinachotawala ni cha mkono wenyewe: kunja kidole gumba ndani ya kiganja, pima mzunguko juu ya vifundo vya vidole, ukiwa na glavu kama zinavaliwa kabla ya kigasha. Kifundo cha mkono kinaweza kuwa sentimita 17 na mkono uliokunjwa ukawa 23 au 24. Ukifuata kipimo cha kifundo, utapata kigasha kizuri ambacho hakivaliki. Asiyependa uwazi huo mbele ya kiganja aache upande wa ndani bila gundi na kuufunga kwa velkro.

Muundi (kipande cha mguu chini ya goti) huwa hauna tatizo hilo kwa sababu nyuma unafunguka. Gundisha mbele, acha nyuma ifungwe kwa velkro, na andika KUSHOTO na KULIA kwa kalamu upande wa ndani kabla hujakata lolote. Shavu la mguu halituni sawa pande zote, na vipande viwili vinavyofanana mezani havifanani mguuni.

Kukata

Mistari iliyonyooka haihitaji mashine. Weka rula ya chuma, pitisha kisu chenye wembe mpya mara tatu au nne bila kukandamiza, kisha kunja plastiki kwenda nyuma ili mchirizo ufunguke. ABS itaachia kwenye mstari. Ukikunja na kurudisha mara kadhaa itakatika safi kuliko msumeno. Anayelazimisha kukata kwa pigo moja kwa kawaida hupoteza mstari, na wakati mwingine ncha ya kidole.

Mikunjo inataka mkasi uliopinda au mkasi wa bati. Kosa la mkasi wa bati ni kufunga meno mpaka mwisho. Ncha zinapokutana zinabana plastiki na kuacha ufa mdogo sana mbele ya mkato, usioonekana mpaka siku umevaa. Funga mkasi robo tatu, sogeza mbele, funga tena robo tatu, na kata nje ya mstari kwa milimita 2 au 3. Zilizobaki zimalizwe kwa tupa na msasa.

Mashine ndogo ya kuzunguka yenye ngoma ya msasa inafaa kwa pembe za ndani, ila iendeshwe polepole. Ikienda kasi plastiki haisagiki, inayeyuka, na ule ute ukipoa unaganda ukingoni kama nta. Ukiuona, punguza mwendo, usiongeze nguvu. Vumbi la plastiki lisiingie mapafuni: barakoa na miwani viko kazini muda wote.

Pembe ya ndani yenye ncha kali ni ufa unaosubiri siku yake. Popote mkato unapogeuka, toboa kwanza tundu la milimita 6 penye kona, kisha kata mistari miwili iishie kwenye tundu hilo. Nguvu inayovuta plastiki itasambaa kwenye mviringo badala ya kukusanyika kwenye nukta moja.

Na ule ukingo uliokunjwa kwenda ndani, ambao wengi huuondoa wote kwa sababu unakwaruza? Uache, upana wa milimita 5 hadi 10. Ndio unaofanya deraya ionekane nene, na ndio unaozuia kipande kisilegee. Uondoe tu pale unapozuia mwili kupita: kwenye kiganja, juu ya paja upande wa ndani, na nyuma ya goti. Sehemu nyingine ulainishe kwa msasa wa namba 120, kisha 220, kisha 400, na kukwaruza kutakwisha.

Jaribu ukiwa katika mwendo

Vipande vyote vikiwa vimeshikwa kwa selotepu ya karatasi, mwombe mwenzako asimame na penseli. Peke yako kazi hii haifanyiki vizuri. Ukiinama kuchora, mwili umeshabadilika umbo.

Kunja mikono kifuani kama mtu mwenye baridi. Mahali ukingo wa bamba la kifua unapogusa mkono wa juu, mwenzako achore. Inua mikono juu ya kichwa: bamba la kifua litapanda, na kama halilali juu ya bamba la tumbo kwa sentimita 2 au 3, nguo ya ndani itaonekana. Mwenye kifua kifupi hujaribiwa kupunguza hapo; apunguze juu, kwenye shingo na makwapa, aache chini.

Kisha kaa kwenye kiti kigumu. Hapa ndipo pa kutumia muda. Bamba la tumbo litasukumwa juu na mapaja, na lina njia mbili tu: liteleze chini ya bamba la kifua, au liingie kwenye kinena. Likiwa limefungwa kwa mkanda mgumu wa nailoni, halitateleza. Badilisha uweke lastiki pana ya sentimita 4 au 5 pande mbili, halafu kaa tena. Kama bado linachoma, chora upinde kwenye ukingo wa chini na ukate milimita 5 kwa kila jaribio. Watu wengi hukata hapa sentimita 3 kwa mpigo, na mvaaji akisimama kunabaki pengo juu ya mapaja ambalo haliwezi kufichwa.

Mapaja nayo: ukingo wa juu uwe chini kwa ndani ya paja na uwe juu zaidi kwa nje, siyo mstari wa usawa. Nyuma, chini, kata upinde kiasi kwamba goti likikunjwa nyuzi 90 paja na muundi visigongane. Vikigongana, ngozi ya nyuma ya goti ndiyo inayobanwa katikati. Maliza kwa kupanda ngazi na kuchuchumaa. Kama huwezi kuokota kalamu sakafuni bila msaada, bado hujamaliza.

Joto la kurekebisha umbo

Kipande kinaweza kuwa na mzunguko sahihi na bado kikakaa vibaya kwa sababu ni duara wakati mkono ni bapa kidogo. Usikate; pasha. Kwa mabadiliko madogo, zamisha ukingo kwenye maji yanayokaribia kuchemka kwa nusu dakika hivi, kunja ukiwa na glavu nene, kisha shikilia chini ya maji baridi. Usikunjie mwilini.

Mashine ya kupuliza hewa moto ina nguvu zaidi na hatari zaidi. ABS hulegea kwenye nyuzi 105 hivi za selsiasi, na ikipashwa kupita kiasi hukumbuka kwamba iliwahi kuwa karatasi tambarare na kuanza kurudi huko, michoro yote ikifutika. Iweke mashine umbali wa sentimita 15, usiisimamishe mahali pamoja, na uso ukianza kung'aa ondoa mara moja. PVC (plastiki kama ya mabomba ya maji) hulegea mapema zaidi, kwenye nyuzi 80 hivi, na ikiungua hutoa moshi mkali wa tindikali. Deraya ya PVC usiiache kwenye gari lililofungwa juani.

Gundi na mikanda

Kiungo kinachopendeza ni cha kingo mbili kukutana bila kupandana, kikafunikwa kwa utepe wa plastiki ileile: upana wa sentimita 2 kwenye mikono, 2.5 kwenye miguu, na mwingine ndani. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa, futa vumbi, paka gundi laini ya viwandani ya aina ya E6000, bana kwa sumaku au vibanio. Iache saa 24 kabla ya kuigusa. Nguvu kamili huja kati ya saa 24 na 72. Gundi hii hubaki na unyumbufu, na ukikosea unaweza kuibandua. Supaglu hushika kwa dakika moja, lakini kiungo chake ni kigumu na hukatika kipande kinapojipinda.

Mikanda ya nailoni ikatwe kwa moto ili isifumuke. Ribiti za milimita 3.2 zinataka tundu la 3.3, zikiwa na washa (pete bapa ya chuma) upande wa mkanda na upande wa plastiki. Bila washa, kichwa kitapenya ABS baada ya kuvaliwa mara chache. Vifungo vya kubofya ni bora kuliko ribiti panapohitaji kufunguliwa kila siku.

Rangi ije mwisho kabisa.

Ikishapasuka, au ikishakatwa ikazidi

Toboa tundu la milimita 2 mwisho kabisa wa ufa ili usiendelee. Bandika kiraka cha ABS upande wa ndani. Kisha katakata mabaki yako, yaloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya glasi mpaka yawe uji mzito, na ujaze ufa kwa tabaka nyembamba. Uji huo husinyaa ukikauka, kwa hiyo tabaka moja nene litaacha bonde. Kila tabaka lilale usiku mzima kabla ya msasa. Asetoni hushika moto kwa urahisi, basi ifanyiwe kazi mahali penye hewa na mbali na jiko.

Kipande kilichokatwa kikazidi huongezwa kwa ukanda wa mabaki hayohayo, ukiungwa kwa kiraka cha ndani na kujazwa kwa uji uleule.

Ukitaka tuifanye sisi, tutumie picha nne ukiwa umevaa vipande kwa selotepu: mbele, ubavuni, nyuma, na umekaa. Ongeza vipimo vya mzunguko vilivyochukuliwa juu ya nguo ya ndani, na utueleze kama imeshapakwa rangi, kwa sababu rangi hulazimika kuondolewa kila mahali gundi itakapopita. Mabaki yote uliyoyakata yaweke kwenye mfuko mmoja na deraya. Plastiki ya rangi na aina ileile ndiyo inayotengeneza viraka visivyoonekana, na tukilazimika kuitafuta kwingine, kazi huchelewa.