Nenda na King peke yake

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Salamu zako nimezipata, na sauti ulizonituma nimezisikiliza zote, hata ile ndefu ya saa saba usiku. Hapa nyumbani hatujambo. Mama anakusalimu sana, anauliza lini utakuja umsuke tena. Nimeona nikuandikie badala ya kukujibu kwa sauti, maana hili unalolifikiria linataka mtu akae kitako alieleze vizuri.

Unasema yule kijana anayemchezesha Hwoarang kwenye Tekken, gemu yetu ya mapigano, anakutandika kila mkikutana pale bandani, na sasa unataka ujifunze mpiganaji mwingine, Dragunov, haraka haraka kabla ya mashindano ya Nairobi mwezi ujao. Nakuomba usifanye hivyo. Nenda na King, mpiganaji wako wa siku zote, na King peke yake.

Kumjua mtu mpya kwenye Tekken siyo kuyajua mapigo yake. Mapigo hata mtoto huyashika kwa siku mbili. Kazi iko kwenye vidole. Giant Swing, ule mwereka wa King wa kumzungusha mtu, ni mbele, halafu nyuma, kidole gumba kiteleze nusu duara kupitia chini mpaka mbele tena, ndipo ngumi ya kushoto. Wewe nimekuona ukiifanya huku umegeuza shingo unabishana na muuza juisi juu ya chenji. Hukuangalia padi mkononi, na sidhani hata ulijua kidole chako kinafanya nini. Hiyo ni miaka yako, Zuhura. Kwa sababu vidole havikushughulishi, macho yako yote yanabaki kwa mpinzani: amesogea, amesita, anataka kuchutama. Ukimchukua Dragunov leo, macho yatarudi kwenye kidole, na Nairobi utacheza kama mtu anayesoma maelekezo.

Tena kuna hesabu ambayo nadhani hujaipiga. Tekken 8 ilipotoka Januari 2024 ilikuwa na wapiganaji 32, na tangu Eddy aliporudi Aprili mwaka huohuo wamekuwa wakiongezeka. Ukiwa na King peke yake, unatakiwa ujue King anakaaje na kila mmoja wao. Ukiongeza Dragunov, kazi yote hiyo unaianza upya kwa mtu wa pili. Mwezi mmoja hautoshi hata kwa nusu ya kwanza. Na huyo Dragunov mwenyewe unamtaka kwa sababu mwanzoni alisifiwa kuwa mkali kupita wenzake, lakini apdeti zilikuja zikampunguza. Anayekimbilia mkali wa msimu hana pa kutulia.

Sasa tumzungumze huyu Hwoarang, kwa sababu naona ndiye chanzo cha yote.

Anachokufanyia ni kukuaminisha kwamba zamu yake haiishi. Teke, teke, anabadili mguu, teke tena, na wewe umejikunja unazuia ukisubiri afike mwisho. Lakini zamu yake inaisha mara nyingi sana, ila hujui ni wapi. Fungua sehemu ya mazoezi kwenye gemu, mweke yeye upande wa pili, umrekodie ile misururu mitatu minne anayokupiga nayo kila siku, kisha uiambie mashine iichanganye bila mpangilio. Zuia. Usipige kwanza, zuia tu, uangalie namba za fremu, vile vipande vidogo vya muda. Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde. Pigo lake likikuachia fremu 10, ngumi yako ya haraka inamfikia kabla hajazuia, hata afanye nini. Likikuachia 15, muinue hewani umpige kombo, mapigo mfululizo. Halafu tafuta mateke ya juu katikati ya misururu ile. Kwa Hwoarang ni mengi, na aliyechutama hapigwi na pigo la juu. Chukua daftari uandike: huu msururu nachutama kwenye teke la tatu, huu nauacha uishe ndipo namwadhibu, huu una la chini mwishoni. Ukurasa mmoja kwa Hwoarang. Ukimaliza, ukurasa wa Kazuya, kwa sababu Nairobi hutakosa mtu wa Kazuya, na ile fagio yake ya chini ukiizuia ni zawadi, anabaki wazi kabisa. Halafu Law, halafu Jin. Eddy mwache mwisho lakini usimsahau. Kizazi chetu kimekulia kwenye Tekken 3, na watu wetu bado wanamchagua Eddy ili wabonyeze ovyo, na wanashinda kwa sababu mpinzani ana haraka ya kujibu.

Nikuambie pia nilichokiona kwenye kivuli chako. Ile sehemu ya Super Ghost Battle, ambapo mashine inajifunza uchezaji wa mtu, nimekipakua kivuli chako nikawa nacheza nacho kila nikipata bando. Mashine imekunasa vizuri mno, mpaka ile tabia yako ya kurudi nyuma hatua mbili kisha kuingia kwa kasi. Lakini kila kikimpata mtu ukutani, kinakamata. Hakibahatishi kitu kingine. Nikaanza kuchutama kila mgongo wangu ukigusa ukuta, na kila mara nilikuta mikono ya King inapita juu ya kichwa changu, nami nainuka na kumpiga ninavyotaka. Kama mimi nimeliona hilo kupitia mashine, mtu wa Nairobi ataliona kufikia raundi ya pili.

Hapa ndipo napenda uweke nguvu zako zote. Watu wanamwogopa King kwa mieleka. Anayejua kujinasua huangalia mikono: Giant Swing hujinasui ila kwa ngumi ya kushoto, Muscle Buster mpaka ubonyeze ngumi zote mbili kwa pamoja, na muda wa kuamua ni sehemu ndogo ya sekunde. Akikosea, umemtupa. Lakini aliyechoka kukisia hafanyi tena hesabu ya mikono, anachutama tu. Na akichutama, kila pigo lako la kati linampata. Kwa hiyo ukimbana mtu ukutani mara ya kwanza, mpige la kati. Mara ya pili mpige la kati tena. Akishajifunza kusimama wima na kuzuia, ndipo umkamate. Wewe umezoea kuanza na mwereka, ndiyo maana wanaokujua wanakusubiri.

Na ile Rolling Death Cradle, mnyororo wa mieleka ya King, najua inavyokufurahisha, na najua banda zima linavyopiga kelele ukiikamilisha. Itumie, sikukatazi. Lakini mnyororo ule una sehemu za kujinasua, na kwenye mashindano kuna watu wamezikariri. Mwereka mmoja wa uhakika ukutani una faida kuliko mnyororo unaokatwa katikati.

Ulisema kwenye sauti ile ndefu kwamba wakubwa wote wana wahusika wengi, ukamtaja Arslan Ash, yule bingwa wa Pakistan. Ni kweli. Mwaka 2019 alishinda Evo Japan, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, kule Fukuoka, na Agosti akashinda Evo ya Las Vegas. Lakini angalia alikotoka. Lahore kumejaa wachezaji wakali wanaokaa bega kwa bega kila siku, mpaka Knee wa Korea Kusini, ambaye kila mtu anamheshimu, alipanda ndege mwaka huohuo akaenda Pakistan kucheza nao. Arslan alipata mtu wa kumpima kwa kila mhusika bila kutoka mjini kwao. Wewe una mimi Tanga, tena kwa intaneti inayokwama, na lile banda moja Majengo.

Mimi ningependa umfikirie Rangchu. Desemba 2018, fainali za Tekken World Tour Amsterdam, Mkorea yule alikwenda na dubu. Panda! Mhusika ambaye watu wengi waliona hafai kwa mashindano makubwa. Akachukua ubingwa wa dunia. Kuna mechi zake nimezirudia mpaka nimezijua, na ninachokiona ni kwamba wenzake walikuwa wakali kuliko kawaida, lakini dubu huyo hawakuwa wamekutana naye vya kutosha, na Rangchu alikuwa ameshakutana na kila mmoja wao kwa mhusika yuleyule, mwaka hadi mwaka. Kila walichojaribu, alikuwa amekwisha kukiona. King si dhaifu kama Panda, lakini faida ile unaweza kuipata.

Mambo madogo, usiyadharau. Fanya mazoezi pande zote mbili za skrini. Giant Swing yako ya kulia naiona ina kasi kuliko ya kushoto, na Nairobi hutachagua upande kila mechi. Beba padi yako na waya wake. Kabla ya mechi yoyote ingia kwenye mipangilio uhakikishe vitufe vyako viko sawa, usione haya kuwa unamchelewesha mtu. Ukimaliza, hakikisha padi imeachana kabisa na ile mashine, kwa sababu padi iliyobaki imeunganishwa inaweza kusimamisha gemu ya watu wengine, na huko kusimamisha gemu katikati kunaweza kumgharimu mtu raundi. Uliza pia sheria ya kubadili mhusika. Kwa kawaida aliyeshinda mchezo anabaki na mtu wake na aliyeshindwa anaruhusiwa kubadili. Ndiyo maana nakuandikia mapema hivi, maana ukishafungwa wa kwanza, mkono utakuwasha umguse Dragunov. Usimguse. Tumia dakika ile kufungua daftari.

Na ukidondokea upande wa walioshindwa, bado umo. Mashindano haya mtu hutoka akifungwa mara mbili, na wapo waliofika fainali kwa njia hiyo.

Jambo la mwisho, hili linatoka moyoni. Ulisema unaogopa utakuwa msichana peke yako ukumbini. Huenda ukawa, huenda usiwe. Lakini Kenya hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Sylvia Gathoni, Queen Arrow, aliyesajiliwa kuwa mchezaji wa kulipwa wa Tekken mwaka 2018 akiwa bado mwanafunzi. Alipita kwenye kumbi hizohizo. Na mimi nitakuwa nyuma ya kiti chako kuanzia mechi ya kwanza, nimeshaomba ruhusa kazini.

Nitavuka Horohoro Alhamisi ya wiki ile, niwe kwenu Mombasa kabla ya magharibi. Tulale tukicheza, mimi nitamshika Hwoarang usiku mzima, nimeanza kumjifunza kwa ajili yako. Tiketi za treni zikate mapema, za asubuhi, viti vinaisha. Mama yako mwambie asisumbuke na chakula cha safari, nitakuja na ladu za kututosha mpaka Nairobi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na mdogo wako mwambie padi yangu aliyoiazima naihitaji. Ukimaliza ukurasa wa Hwoarang upige picha unitumie, nataka kuona umeandika nini kwenye lile teke la tatu.

Wako,
Mwanaidi