Kiingereza cha mdomoni nacho kipewe alama

Mhariri,

Nafundisha Kiingereza sekondari, hapa Mikindani. Ninaye kijana ambaye jioni huwatembeza wageni hadi Boma la zamani, akiwasimulia habari za Livingstone aliyepita hapa mwaka 1866. Wanamwelewa, wanacheka naye. Kwenye karatasi anaanguka, kisa tahajia. Mwenzake aliyekariri nyakati zote za vitenzi anapata A. Msalimie kwa Kiingereza, ataangalia dari.

Yupi kati yao anajua lugha? Mitihani yetu hupima kalamu. Mwongozo wa Baraza la Ulaya wa kupima lugha, wa mwaka 2001, wenye ngazi A1 (anayeanza) hadi C2 (mahiri kabisa), hutenganisha stadi: mtu aweza kuwa B1 kwa kuongea na A1 kwa kuandika, wala si ajabu.

Najua madarasa yamefurika (na msimu wa korosho mahudhurio ndiyo hayo tena). Mimi huwaita wawili wawili, dakika tano, wapatane bei ya samaki, nami nawapa alama kwa vigezo walivyoonyeshwa mapema. Lafudhi ya Kimakonde siikati alama, mradi maana imefika. Wizara iruhusu alama hizo ziingie kwenye tathmini endelevu.

Mwalimu wa Kiingereza,
Mikindani, Mtwara