Mussa, lile boksi liache dukani

Ndugu yangu Mussa,

Salaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kusikia mama ameshaanza kutembea bila fimbo. Mpe shikamoo yangu. Sisi huku Mwanza wazima. Nakujibu haraka kwa sababu umesema mwenye duka anakuwekea hilo boksi la gemu za zamani, la kuchomeka kwenye televisheni, mpaka mwisho wa mwezi, na vijana wako wameshafunga shule.

Usilinunue. Hela yake unaihitaji kwa kitu kingine, na hicho kitu ni padi, kile kidude cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea gemu.

Nayajua hayo maboksi yenye padi mbili zisizo na waya na maandishi makubwa ya “4K” na “gemu 10,000”. Hiyo 4K, yaani picha yenye nukta nyingi mno, haina maana yoyote kwa gemu za zamani. Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ambayo ndiyo ilinakiliwa kutengeneza zile TV game zetu za kaseti za njano, ilichora picha ya nukta 256 kwa 240 basi. PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1994, gemu zake nyingi zilichorwa kwa takriban nukta 320 kwa 240. Kuivuta picha ndogo hivyo ijae kwenye televisheni kubwa si kazi ya kumlipa mtu. Na hizo gemu elfu kumi unazijua mwenyewe. Si unakumbuka kaseti iliyoandikwa 9999 kwa moja, ukishuka kwenye orodha unakuta gemu ileile ya vifaru imerudi kwa jina jingine, tofauti yake inaanzia hatua ya tano? Mtindo ni uleule. Ndani ya boksi huwa mna prosesa dhaifu, yaani ile chipu inayofanya kazi zote za hesabu, na ukifungua gemu la PlayStation sauti inakatikakatika. Padi zake nazo zinachelewa: mtoto anabonyeza, mchezaji anaruka baadaye. Kwenye gemu la mpira utavumilia, kwenye gemu la kuruka mashimo hutaweza.

Simu yako hiyo hiyo inafanya kazi nzuri kuliko boksi. Nikueleze kwa nini, maana ukishaelewa hapa hakuna muuzaji atakayekubabaisha. Emuleta ni programu inayojifanya mashine ya zamani. Inasoma kila amri iliyoandikwa kwa ajili ya prosesa ya zamani, inaigeuza iwe amri ambayo simu inaielewa, na papo hapo inaiga chipu ya picha na chipu ya sauti, zote ziende pamoja bila moja kumtangulia mwenzake. Kwa hiyo mashine inayoiga lazima iwe na kasi kubwa mara nyingi kuliko inayoigwa. Prosesa ya ile Nintendo ilikwenda kwa megahezi 1.79 na kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa kilobaiti 2. PlayStation ya kwanza ilikuwa na megahezi karibu 34 na megabaiti 2. Simu ya bei ya chini ya leo inazidi megahezi 1,500 na ina prosesa kadhaa kwa pamoja. Nafasi ipo tele.

Ndiyo maana Nintendo ya kaseti, Super Nintendo, Mega Drive ya Sega, Game Boy Advance na PlayStation ya kwanza zitakwenda vizuri kwenye simu yako bila kuongeza hata senti. PSP nayo, ile PlayStation ya mkononi, kwa kutumia emuleta ya PPSSPP ambayo ni ya bure, gemu nyingi zitakubali. Ila PS2 isahau kwanza. Najua ndiyo unayoitaka, kwa sababu ya ile ligi yetu ya pale mtaani, lakini PS2 ilikuwa na prosesa ya karibu megahezi 294 yenye vitengo viwili vya kukokotoa vinavyofanya kazi pembeni yake kwa wakati mmoja, na chipu ya picha yenye kumbukumbu ya ndani inayosomwa kwa kasi ya ajabu. Kuviiga vyote hivyo kwa pamoja kunataka simu ya gharama au kompyuta nzuri. Mtu akikwambia boksi lake la bei ya kutupa linacheza PS2, mwambie aliwashe mbele yako.

Anza na RetroArch. Ni ya bure na haina matangazo hata moja. Nasisitiza hili kwa sababu Play Store imejaa emuleta zilizochukua kazi ya watu wa bure, zikabandikwa matangazo, na kila ukitaka kuhifadhi gemu unaoneshwa tangazo la sekunde thelathini. RetroArch yenyewe haichezi kitu. Inapakua viini, na kila kiini ni mashine moja. Kwa kuanza chukua kiini cha Mesen au FCEUmm kwa Nintendo ya kaseti, Snes9x kwa Super Nintendo, mGBA kwa Game Boy, na PCSX ReARMed kwa PlayStation. Vipakue siku ukiwa na bando la maana, baada ya hapo hutahitaji intaneti. Menyu yake mwanzoni inachosha macho, sikufichi, lakini ukiizoea siku mbili tatu hutaki nyingine.

Umeniuliza kama ni halali. Emuleta yenyewe ni halali. Sony waliishitaki kampuni ya Connectix huko Marekani kwa kutengeneza emuleta ya PlayStation, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaipa haki Connectix. Gemu ndiyo kesi tofauti: ina mwenyewe, na kuichota kwenye mtandao bila ruhusa ni kuchukua mali ya mtu hata kama ina miaka thelathini. Lakini wewe una bahati. Zile diski za PlayStation alizokuachia baba mdogo wako wa Maskati, zenye mgongo mweusi, ni za asili. Zitoe kabatini. Zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kisha tafuta mtu mwenye kompyuta yenye DVD. Programu ya bure inaitwa ImgBurn itaisoma diski na kukupa faili mbili, ya bin na ya cue. Hizo mbili zisitenganishwe, kwa sababu cue ndiyo inayoiambia emuleta muziki uko wapi ndani ya diski. Ukitaka kubana nafasi, kuna chdman, inazigeuza kuwa faili moja ya chd ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko zile megabaiti mia sita na zaidi za mwanzo.

Angalia pia namba iliyochapwa kwenye diski. Ikianza na SLES au SCES ni toleo la Ulaya, la mfumo wa PAL, na nadhani zako zote ni hivyo. Toleo hilo lilitengenezwa kwa televisheni za picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za Marekani na Japani, na watengenezaji wengi hawakujisumbua kurekebisha kasi. Matokeo yake gemu inakwenda pole kwa karibu moja ya sita. Ukiona hivyo usiilaumu simu. Ndivyo ilivyotengenezwa, na ndivyo sisi tulivyozichezea.

PlayStation halisi ilikuwa na programu yake ya kuwashia, inaitwa bayosi, nayo ni mali ya Sony. PCSX ReARMed imejitengenezea ya kwake mbadala, na gemu nyingi zinawaka nayo. Anza hivyo.

Kwa vijana kuna kingine kinachonifurahisha zaidi. Wapo watu wanaotengeneza gemu mpya kabisa kwa ajili ya mashine hizi za kale na kuzitoa bure. Tafuta Nova the Squirrel ya Nintendo ya kaseti, na Tobu Tobu Girl ya Game Boy. Yule mdogo wako anayependa kuchora mwoneshe hizo, na mwambie kwamba hata namna zilivyoandikwa iko wazi kwa yeyote kuisoma.

Sasa padi, maana hapa ndipo hela yako inapotakiwa kwenda. Kucheza kwa kugusa kioo kunachosha kidole gumba na kunafunika nusu ya picha. Watoto watachoka gemu kumbe wamechoka kioo. Nunua padi ya waya ya USB yenye umbo la ile ya PlayStation, na kale kawaya ka OTG ka kuiunganisha na simu. Ya waya, Mussa, si ya hewani: haina betri ya kufa na haicheleweshi. Kabla hujatoa hela, ishike. Weka kidole gumba kwenye msalaba wa kushoto, ukizungushe kutoka chini kwenda mbele, kama unarusha moto kwenye gemu la kupigana. Kidole kipite kwenye kona bila msalaba kukwama wala kulia. Halafu bonyeza vitufe vinne vya kulia kimoja kimoja, kila kimoja kirudi juu chenyewe haraka. Padi nyingi za bei rahisi zinafeli hapo hapo dukani, na ni heri ifelie mkononi mwako kuliko nyumbani. Kama una padi ya zamani ya PS2 imekaa tu, uliza adapta ya kuigeuza USB. Mpira wa ndani ukiwa umechoka, fundi anaufungua na kuusafisha kwa spiriti.

Hatua ya pili, ukipata hela baadaye na ukitaka kwenda kwenye televisheni, ni kompyuta ya ofisini iliyotumika, Dell OptiPlex au HP ya aina hiyo yenye Core i5. Itacheza PlayStation ya kwanza, Dreamcast ya Sega na PSP bila shida. Usiende dukani mikono mitupu. Weka Batocera kwenye flashi. Ni mfumo wa bure unaowaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa Windows iliyomo, na unakuja na gemu chache za bure ndani. Chomeka, washa, bonyeza F12 kwa Dell au F9 kwa HP, chagua flashi, cheza dakika kumi mbele ya muuzaji. Feni ikipiga kelele au picha ikiganda umejua kabla hujalipa. Kwenye televisheni nako uwashe ile hali ya gemu, vinginevyo inaichelewesha picha kwa kuipamba.

Jambo moja la umeme. RetroArch inaweza kukaa na maendeleo ya gemu kwenye kumbukumbu na kuyaandika kwenye faili pale tu unapofunga gemu. Kwenye simu si neno kubwa, kwenye kompyuta umeme ukikatika saa mbili za kazi zimekwenda. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Saving, tafuta SaveRAM Autosave Interval, weka sekunde 10. Na uhifadhi ndani ya gemu kama zamani, usitegemee tu ile ya emuleta ya kugandisha gemu pale lilipofika, kwa sababu kiini kikisasishwa hiyo inaweza kukataa kufunguka.

Niandikie jina kamili la simu yako, na namba zilizo kwenye diski zote. Nikishazipata nitakuambia ipi ianze kunakiliwa na ipi itasumbua. Msalimie shemeji na vijana.

Ni mimi ndugu yako,
Rashidi