Vistari vya bomba la insulini havilingani

Bibi mmoja, mteja wa siku nyingi wa duka letu la dawa, alikuwa akijidunga yuniti 12 za insulini kila asubuhi kwa bomba dogo la nusu mililita. Namba zile ndogo hazioni vizuri, kwa hiyo alijizoeza kuhesabu vistari: kumi na viwili, basi. Siku moja mabomba hayo yaliadimika, mjukuu akamnunulia ya mililita moja kwingine. Bibi akahesabu vistari vyake kama kawaida. Kabla ya saa nne mwili ulikuwa umelowa jasho na mikono inatetemeka. Heri mjukuu alizijua dalili za sukari kushuka, akampa soda haraka.

Hakukosea kuhesabu. Kwenye bomba la nusu mililita kila kistari ni yuniti 1, kwenye la mililita moja kila kistari kwa kawaida ni yuniti 2. Alijidunga 24.

Ndiyo maana ukija dukani kwetu kununua bomba tutakuuliza dozi yako ni ngapi. Si udaku. Dozi isiyozidi 30 inatosha kwenye bomba la mililita 0.3, isiyozidi 50 kwenye la nusu mililita. Ukiambiwa yuniti 15 ukawa na bomba kubwa, kwa kawaida kistari cha 15 hakipo kabisa. Utakisia katikati ya 14 na 16.

Tutaomba pia kukiona kichupa cha insulini. Insulini inayouzwa sana ni ya U-100, yaani yuniti 100 katika kila mililita, na bomba lake lazima liandikwe U-100. Yapo mabomba ya U-40, ya insulini yenye yuniti 40 katika kila mililita. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 20, umevuta yuniti 50. Na bomba la kawaida la mililita 2, lile la kuchomea dawa nyingine, usilitumie kabisa hata kama ni la bei poa, kwa sababu halisomi yuniti. Mtu ameambiwa "kumi", anaona alama ya 1, anajaza mpaka hapo: hiyo ni mililita nzima, yuniti 100.

Kwa asiyeona vizuri, kalamu ya insulini ni nafuu kubwa ya roho, ingawa si ya mfuko. Unazungusha kitufe, namba inatokea dirishani, na kalamu nyingi hulia "tik" kwa kila yuniti. Sindano zake kwa kawaida huuzwa kando (wengi hufika nyumbani na kalamu tupu, wakarudi wamenuna). Ya milimita 4 inatosha hata kwa mtu mnene. Kabla ya kujidunga, rusha yuniti 2 hewani uone tone. Ukishabonyeza mpaka sifuri, hesabu polepole hadi kumi ndipo uchomoe, kisha toa sindano. Ukiiacha, insulini huvuja na hewa huingia.

Kuna wanaovuta insulini ya kalamu kwa bomba ili wasinunue sindano. Tunaelewa hali ya mfuko, lakini hewa ikiingia kwenye kalamu, dozi zinazofuata haziaminiki. Kalamu haichangiwi pia, hata na mke au mume, hata kwa sindano mpya: damu kidogo inaweza kurudi ndani.

Dozi yenyewe hatuigusi, hiyo ni kazi ya daktari wako. Sisi tunalinganisha bomba na kichupa, halafu tunakaa nawe ujaribu kuvuta maji mbele yetu mpaka mkono uzoee. Hatutozi chochote, na jioni foleni ni fupi. Mabomba yaliyotumika usiyatupe jalalani. Yaweke kwenye dumu gumu la sabuni lenye kifuniko, likijaa robo tatu lifunge utuletee.