Mwanafunzi wangu na neno "cleave"

Ndugu Mhariri,

Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 31, na hata baada ya kustaafu safu yenu ya msamiati hainipiti, maana wajukuu huniletea gazeti niwasomee. Majuzi mliandika "cleave" upande wa kushoto na "pasua" upande wa kulia, basi, mkaendelea na neno jingine. Nawaandikia kwa sababu orodha ya namna hiyohiyo, niliyoiandika kwa mkono wangu, ilishamwaibisha kijana mbele za watu.

Ilikuwa semina ya akina mama kanisani kwetu. Mgeni, mchungaji mzee kutoka ng'ambo, alikuwa anasoma Biblia ya Kiingereza cha zamani, ile ya mwaka 1611, na mkalimani wake alikuwa kijana niliyemfundisha kidato cha tatu na cha nne. Wakafika kitabu cha Ruthu, sura ya kwanza, pale Naomi anapowasihi wakwe zake warudi kwao. Mgeni akasoma: "Orpah kissed her mother in law, but Ruth clave unto her." Kijana akasita, kisha akasema kwa sauti: "Orpa akambusu mkwewe, lakini Ruthu akatengana naye."

Minong'ono ikaanza. Mama mmoja mbele yangu alikuwa na Biblia ya Kiswahili mapajani, kidole kiko palepale kwenye mstari wa 14: "lakini Ruthu akaambatana naye." Akageuka akanitazama mimi, mwalimu.

Jioni kijana akaja nyumbani na daftari lake la kidato cha tatu. Alikuwa amelitunza miaka yote hiyo. Akanifunulia ukurasa: cleave – pasua, chana. Pembeni kuna tiki yangu ya wino mwekundu. Alikariri sawasawa kile nilichompa, na nilichompa kilikuwa nusu.

Hivi ni vitenzi viwili, Mhariri. Kiingereza cha kale kilikuwa na cleofan, yaani kupasua, na clifian, yaani kuganda au kushikamana. Karne zilivyopita matamshi yakasogeleana hadi vyote vikaandikwa kwa namna moja. Wajerumani bado wana kleben, kubandika, ndugu wa hicho cha pili. Cha kwanza mnakiona buchani: kile kisu kipana cha kuvunjia mifupa Waingereza hukiita cleaver. Na mtoto akizaliwa na kaakaa lililopasuka, daktari huandika cleft.

Panapotesa zaidi ni wakati uliopita, maana katika Biblia ile ya 1611 "clave" inabeba maana zote mbili. Ibrahimu, Mwanzo 22, "clave the wood": alichanja kuni za sadaka. Ruthu naye "clave unto her". Umbo ni lilelile, kitabu ni kilekile, na kinachotenganisha ni kale kaneno unto. Kitenzi kikifuatwa na to au unto, ni kuambatana. Ndivyo ilivyo hata katika Zaburi ya 137, ulimi unapogandamana na kaakaa la kinywa. Kikifuatwa moja kwa moja na kitu, kuni au mwamba, ni kupasua. Kijana yule angeambiwa hilo tu, asingekwama.

Watoto wetu wana sababu ya kunaswa hapa. Kiswahili hugeuza maana ndani ya kitenzi chenyewe, sikio likasikia: bandika, bandua, funga, fungua, tega, tegua. Tunaambatana, na ganda tunaliambua. Mtoto aliyekulia katika lugha hii hategemei kukuta kubandika na kubandua vimevaa nguo moja. Ingawa nasi tunalo neno azima. "Niazime jembe" namwomba jirani anipe. "Nimeazima jembe kwake" nimelichukua mimi. Hakuna mtoto aliyewahi kupewa orodha ili alijue hilo. Alisikia sentensi nzima, tena na tena, akiwa uani kwao.

Ndiyo maana naomba safu yenu ibadilike. Zipo shule ambako kamusi ni moja, nayo imefungiwa kabatini ofisini. Darasa moja ninalolijua hukata safu hiyo na kuibandika ukutani kwa gundi ya unga wa ngano, na mnachoandika hukaa pale muhula mzima kikisomwa na watoto 60. Maneno 20 kwa wiki ni mengi mno. Andikeni manane, kila moja na sentensi yake, wakati wake uliopita, na kile kineno kinacholifuata. Na mkifika "table" kama kitenzi, tafadhali semeni ni Kiingereza cha wapi, kwa sababu bunge la Uingereza liki-table hoja limeileta mezani ijadiliwe, na Marekani wameiweka kando.

Kijana wangu hajasimama tena kutafsiri tangu siku ile. Nimekwenda kwao mara mbili. Mara ya pili alikubali tukutane Jumamosi, tupitie mistari ya mwezi ujao pamoja, polepole, naye akiwa ameshika kalamu nyekundu.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro