Muheme haipigwi na spika: barua kwa vijana wa vikundi vya ngoma Dodoma

Mbukwenyi wajukuu zangu,

Juzi nilialikwa kwenye uzinduzi wa jengo hapa mjini. Kikundi kikaingia, mabinti wamependeza, shanga zimewakaa, muheme, zile ngoma zetu za Kigogo, zimebanwa mapajani. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Kumbe sauti yote inatoka kwenye spika! Mabinti wanapunga mikono juu ya ngozi bila kuigusa, na mshereheshaji anapiga kelele, "Huo ndio Ugogo!" Ugogo gani huo?

Sikieni. Kwa majirani zetu wengi mwanamume ndiye mpigaji, mwanamke anacheza. Kwetu muheme ni mali ya mwanamke, tangu kwenye unyago. Mmoja anapiga, mwenzake anamjibu, na katikati yao unazaliwa mpigo ambao hakuna aliyeupiga peke yake. Lazima umsikilize jirani yako. Shangazi aliyenifundisha hakuwa mtu wa kugomba. Msichana akikosea, yeye ananyamazisha ngoma yake tu, muziki mzima unaporomoka, na kila mtu anajua ni nani kauangusha. Spika haiporomoki. Ndiyo maana mnaipenda.

Mengine nayataja tu. Msiimbe wote sauti moja kama kwaya ya shule ya msingi. Sauti za Kigogo zinapandana. Msikate wimbo kwa sababu mtu anarekodi na simu. Manyoya ya plastiki, hapana. Na marimba yenu, haya ya vidole gumba, yawekwe utando wa buibui kwenye tundu, ule mvumo si kasoro. Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, mtoto wa hukuhuku, alizunguka dunia na zeze na marimba hadi alipofariki 2003, na hakuna aliyemwambia ayasafishe yafanane na kinanda.

Lakini nisiwaonee ninyi peke yenu, maana najua mnalala njaa.

Enyi wenye shughuli! Dodoma ilitangazwa makao makuu 1973, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo 2016 hakuna hafla isiyotaka ngoma ya Kigogo. Mnawaweka watoto juani tangu saa mbili asubuhi kumsubiri mgeni rasmi wa saa sita, mnawapa dakika mbili, kisha kipaza sauti kinawafukuza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa mcheza kwao hupewa soda. Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 alilalamika kwamba tunajua rumba na chachacha, hatujui ngoma zetu wenyewe, Gombe Sugu wala Mangala. Siku hizi tunazijua, za kumpokelea mgeni uwanja wa ndege.

Basi, wajukuu, mkiitwa tena, ulizeni kwanza mtapewa muda gani. Kama ni dakika mbili, kataeni. Malipo yaandikwe kabla hamjapanda gari, na chakula kiwe cha saa ileile wanayokula wageni. Anayetaka kujifunza muheme ya mikono aje kwangu baada ya mavuno, aje na ngoma yake. Wavulana nao waje, ila watakaa upande wa zeze.

Bibi yenu, Chamwino