Kwa nini hatutaji bei ya wayaringi kwenye simu

Karibu kila wiki tunapokea simu ya namna hii: "Fundi, nina nyumba ya vyumba vitatu Buhongwa, wayaringi shilingi ngapi?" Swali ni la haki kabisa. Mtu anajenga kwa kudunduliza, mwezi huu saruji, mwezi ujao bati, na anataka kujua umeme utamla kiasi gani. Lakini bei ya nyumba ambayo hatujaiona ni ya kubahatisha, na anayekuja kuilipia ni mwenye nyumba: ama ataombwa pesa ya nyongeza kazi ikiwa katikati, ama atawekewa waya mwembamba ili fundi asipate hasara.

Idadi ya vyumba haituambii mengi. Tunahesabu pointi: kila taa, kila swichi, kila soketi, feni, pampu, taa za uzio. Nyumba moja ya vyumba vitatu inaweza kuwa na pointi 30, na ya jirani yenye vyumba vitatu vilevile ikawa na 70. Ndiyo maana mafundi wengi hapa Mwanza hutaja bei kwa pointi, nasi tunaanzia hapohapo. Tatizo ni kwamba pointi hazilingani.

Chukua soketi ya chumba cha mwisho. Waya unatoka kwenye boksi la breka, yaani swichi zinazokata umeme zenyewe mzigo ukizidi, unapanda mita moja na nusu hadi darini, unakwenda mita 14 juu ya dari, kisha unashuka mita mbili na nusu ukutani. Hizo ni mita 18. Ila soketi inataka nyaya tatu: wa moto, nyutro na athi, yaani ule unaokwenda ardhini. Tayari ni mita 54, na rola ya yadi 100 ina kama mita 91 tu. Zaidi ya nusu ya rola imekwisha kabla hujafika soketi ya pili. Ukilihamisha boksi kutoka sebuleni hadi koridoni katikati ya nyumba, wakati mwingine unaokoa rola mbili nzima. Hilo huwezi kuliona kwenye simu. Unaliona ukiwa umesimama pale na futi mkononi.

Kisha tunauliza mtatumia vifaa gani, na hapa tunawaomba wateja wasituone wadadisi. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 24. Waya wa milimita 2.5 tunaoweka kwenye soketi za kawaida hautoshi kwa mzigo huo ukiwa ndani ya bomba ukutani. Shawa inataka waya wake wa milimita 4 au 6, na breka yake peke yake. Ukitueleza mapema, ni gharama ya waya na bomba. Ukikumbuka baada ya vigae kubandikwa, tutavunja vigae. Mama mmoja wa Nyegezi alituita soketi yake ikiwa imeyeyuka. Fundi wa kwanza alikuwa ameiunga shawa kwenye laini ya soketi kwa sababu kwenye hesabu yake shawa haikuwepo. Bei yake ilikuwa ndogo kweli.

Jambo linalotutofautisha na miji mingine ni mawe. Miaka ya nyuma tulikadiria nyumba ya mlimani kwa kuangalia ramani tu. Kwa athi tuliandika fimbo moja ya mita 1.5 na nusu saa ya kazi. Siku ya kuipigilia ilishuka sentimita 40, ikagonga jabali, ikapinda. Tukahama hatua tatu, ikagonga tena. Mwishowe tulichimba mtaro mrefu upande wa chini wa kiwanja, penye udongo mzito, tukalaza waya mtupu wa shaba na kuunganisha fimbo tatu zilizoachana. Kazi ilichukua siku mbili na hasara tuliibeba sisi, kwa sababu tulikuwa tumeshatia saini. Tangu siku hiyo, kama nyumba iko mlimani, tunapima ardhi kwanza ndipo tuandike bei.

Kuna fundi atakayekuambia athi si lazima, taa zinawaka bila hiyo. Ni kweli zinawaka. Lakini friji ikivujisha umeme kwenye bodi lake, umeme huo unapita njia ipi? Kwa mkono wa mtoto anayefungua mlango wa friji miguu ikiwa mitupu kwenye sakafu yenye maji. Na sisi wa ufukweni tunaijua radi ya ziwani, ile inayokuja usiku wa manane mvua ikitokea upande wa visiwa. Kifaa cha kukinga mshtuko wa radi hakina pa kuumwaga umeme huo kama athi ni mbovu. Kwa hiyo kwenye makadirio yetu athi na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, havipunguzwi kwa mazungumzo ya bei. Tutapunguza taa za mapambo kwanza.

Karatasi utakayopewa ina vifaa upande mmoja na ufundi upande mwingine. Ukitaka kununua vifaa mwenyewe, sawa, ila tutavikagua. Kwaruza ncha ya waya kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu tu, na hatuivuti ukutani. Ada za TANESCO za kuunganishwa hazimo, hizo unalipa kwao. Fomu na mchoro tunaandaa sisi kwa leseni yetu ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Malipo ni kwa hatua: bomba kabla ya plasta, kuvuta nyaya nyumba ikishaezekwa, kufunga swichi na soketi, halafu kupima. Sehemu ya mwisho hatuichukui mpaka tumepima nyaya kwa volti 500 mbele yako na umeusoma usomaji mwenyewe.

Ukitupigia, uwe na ramani, hata iliyochorwa kwa mkono, na orodha ya vifaa ulivyonavyo na unavyotarajia kununua. Tuambie pia kama kuta zimeshapigwa plasta, maana kuchanja ukuta uliokwisha kumalizika ni kazi nyingine kabisa na ina bei yake. Kama upo Sengerema usihofu gharama ya safari kama zamani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, hatuhesabu tena saa za kusubiri kivuko.